Habari za Bijou

Wiki ile Docta Adrienne alikuwa na mambo mengi ya kutangaza. Fakilte ya udaktari wa wanyama ilikuwa inafungua kliniki yake mpya Jumamosi ya wiki iliyofuata, na siku hiyohiyo mbwa na paka wote wa Kalemie wangechanjwa bure dhidi ya kichaa cha mbwa. Baada ya hapo wanafunzi wa mwaka wa mwisho wangetetea kazi zao mbele ya walimu, na mgeni kutoka Lubumbashi angekuja kuzungumza juu ya ule ugonjwa uliomaliza mbuzi za watu kule Nyunzu.

Adrienne alikuwa mwalimu kama wengine pale fakilte, lakini kwa sababu alikuwa na sauti nzuri, na aliandika bila majivuno, doyen, mkuu wa fakilte, alimkabidhi kazi ya habari. Alibandika matangazo kwenye valve, ule ubao ulio mlangoni pa ofisi, kisha kila siku saa ya chakula alishuka mjini kwenda kusoma habari za fakilte redioni. Alipewa dakika chache kati ya matangazo ya vifo na wimbo. Mara nyingi alihisi anausomea ukuta.

Siku ya Jumatano, alipotoka redioni, alikuta watu wamejaa njiani upande wa Kataki. Walishika mawe na fimbo. Katikati yao alisimama mzee aliyevaa koti la suti, mikono ameitandaza, na nyuma yake, chini ya mkokoteni uliovunjika, mbwa mmoja wa kahawia alikuwa amejibana akikenua meno. Pembeni, mama mmoja alikaa chini kando ya beseni lake la ndagala. Samaki wadogo wakavu walikuwa wamemwagika, na damu ilikuwa inamtiririka mguuni.

Adrienne aliingia kwenye duka la karibu, akatoka na sabuni ya kufulia na ndoo ya maji, akapiga magoti mbele ya yule mama.

"Mama, nitakuumiza kidogo."

"Umiza tu."

Alikiosha kile kidonda, akakiosha tena na tena, mpaka waliosimama wakaanza kuguna kwamba sasa inatosha. Yeye akaendelea. Mama yule alitazama juu tu, midomo imekaza. Aliitwa Victorine, alikuwa mchuuzi wa ndagala, na alikuwa ametoka pwani ya ziwa upande wa kaskazini miaka mingi iliyopita akimfuata mume mvuvi, ambaye sasa alikuwa marehemu.

"Docta, tuache tuimalize hii imbwa!" kijana mmoja alipiga kelele. "Iko na kichaa!"

"Hakuna kichaa!" alisema yule mzee. "Huyu njo Bijou. Munamujua wote. Njo Bijou ya marehemu mama Emérance."

Adrienne alisimama, mikono ikidondoka maji. "Sikilizeni. Mukiiua sasa, nani atatuambia kama ilikuwa mugonjwa? Hapa kwetu hatuna maabara ya kupima ubongo wake. Imbwa muzima njo atatuambia. Tutaifunga kule fakilte, tuiangalie. Kama iko na kichaa, haiwezi kupitisha siku kumi bila kuonyesha, ao kufa. Ikipitisha, mama huyu hakupata kitu."

"Na ikitoroka?"

"Na watoto wetu?"

Fimbo hazikushuka. Ndipo Mama Victorine aliposema kutoka pale chini alipokaa, bila kupandisha sauti: "Muiache. Aliyeumwa ni mimi. Ninataka kujua."

Watu walitazamana. Yule kijana alitupa jiwe lake mtaroni, na njia ikafunguka.

Siku hiyohiyo Adrienne alimpeleka Mama Victorine hospitali. Alipewa sindano ya kwanza, akaambiwa kwamba zilizobaki zimeagizwa na zitafika na ndege. Ndege gani, hakuna aliyejua.

Bijou akawa mgonjwa wa kwanza wa kliniki mpya, kabla haijafunguliwa. Walimweka kwenye kibanda cha mwisho, chenye mlango wa chuma ambao rangi yake ilikuwa bado inanuka. Hakuna aliyeruhusiwa kumgusa. Chakula kilisukumwa kwa fimbo chini ya mlango, na maji vilevile.

Asubuhi yake, Adrienne alipofika kazini, alimkuta Mama Victorine amesimama uani, mbali na kibanda, kitenge amejifunga mpaka mabegani kama mtu mwenye baridi.

"Imekula?"

"Imekula, mama."

"Na maji?"

"Imekunywa."

Akashukuru, akaondoka akichechemea.

Getini mama akakutana na yule mzee mwenye mbwa. Aliitwa Papa Chérubin, alikuwa amefanya kazi ya reli mpaka alipostaafu, na tangu mke wake afe mwaka uliopita alikuwa akiishi peke yake na mbwa. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Alibeba bukari, yaani ugali, na vichwa vya samaki ndani ya sahani iliyofunikwa kitambaa, na kama jana alikuwa amevaa koti. Alivua kofia.

"Mama, hujambo."

Mama Victorine alipita kama hakusikia.

Mambo yakaenda hivyo. Asubuhi mama alikuja akauliza maswali yale mawili, na mzee alikuja na sahani yake, akakaa kwenye kiti mbele ya mlango wa chuma, akaongea na mbwa kwa sauti ya chini mpaka jua likawa kali.

Lakini mjini maneno yalikuwa yameanza kutembea. Watu walisema fakilte inafuga mbwa wa kichaa. Wengine walisema atakayepeleka mbwa wake kuchanjwa atamrudisha na wazimu. Profesa Ruphin, doyen, alimwita Adrienne ofisini. Alikuwa mtu mnene na mpole, ambaye alikuwa ameisubiri kliniki ile kwa miaka, akiomba saruji hata kwenye kiwanda cha Kabimba.

"Adrienne, binti yangu, Jumamosi watakuja wakubwa, watakuja watu. Ao hawatakuja. Hatuwezi kuihamisha ile imbwa? Ao..." Hakumaliza. Alitazama dirishani. "Ao kuilaza tu, polepole, bila kuumia."

"Papa Doyen, yule mama anakuja kila asubuhi. Nikiilaza, nitamujibu nini?"

Doyen alizungusha kalamu. Kisha akapumua.

"Basi, waambie watu. Kama ni uongo njo unatembea, tembeza ukweli. Kwani habari si kazi yako?"

Kesho yake asubuhi, Adrienne alimwomba Mama Victorine ruhusa ya kuisema habari ile redioni.

"Jina la imbwa taja," alisema mama baada ya kufikiri. "Langu uliache."

Mchana ule, baada ya kusoma tarehe za wanafunzi kutetea kazi zao, Adrienne aliweka karatasi chini, akaongea bila kusoma. Alieleza kilichotokea Kataki, na kwa nini mbwa hakuuawa, na ni dalili gani wanazozitafuta. Alisema kila mtu aliyeumwa na mbwa aoshe kidonda kwa sabuni, aoshe sana, kisha akimbie hospitali. Mwishoni akasema: "Leo Bijou amekula bukari na kichwa cha samaki. Amekunywa maji. Amebweka sauti yake ya kawaida. Nitawaambia tena kesho."

Alipotoka nje, mwenye pikipiki aliyempakia alimwuliza, "Docta, hiyo imbwa ilikula kichwa cha samaki gani?" Adrienne akacheka. Hakuwa anausomea ukuta tena.

Kutoka siku ile mji ukaanza kumwulizia Bijou. Wauza mkate walimwulizia, na wanafunzi wa fakilte nyingine, na hata padri baada ya misa ya Jumapili. Kuna mtu alituma mfupa wa ng'ombe kutoka buchari, umefungwa ndani ya gazeti. Papa Chérubin aliupokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mgeni.

Siku hiyo ya mfupa, Mama Victorine hakuondoka haraka. Alibaki amesimama uani, na mzee akajua kwamba yupo, kwa sababu aliacha kuongea na mbwa.

"Mama," alisema bila kugeuka, "nisamehe."

"Si wewe uliniuma."

"Imbwa njo yangu."

Mama alisogea kidogo. "Mbona uliipa jina la Bijou?"

"Si mimi. Emérance. Alisema sikumununulia bijou hata moja, hata pete, tangu tuoane, sasa na hii njo yake." Akacheka kidogo, kisha akapangusa macho kwa kitambaa cha sahani. "Alikuwa anailalisha ndani ya nyumba. Mimi nilikataa. Sasa amekufa, na mimi pia ninailalisha ndani."

Adrienne alikuwa anaosha mikono kwenye bomba, karibu kiasi cha kusikia. Aliacha maji yatiririke polepole.

"Docta," Mama Victorine alimwita ghafla. "Unajua juu ya nini ninauliza maji kila siku?"

"Hapana, mama."

"Nilikuwa musichana. Kule kwetu, kijana mumoja aliumwa na imbwa. Jérémie. Alikuwa anapiga ngoma kanisani. Imbwa iliponyoka mukononi mwa watu, ikakimbia, nani angejua? Kisha siku moja akashindwa kunywa maji. Alikuwa anayataka. Alishika kikombe, akakileta mudomoni, koo likafunga, mwili wote ukaruka. Mama yake alikuwa analowesha kitambaa ili amupanguse midomo tu, na hata kitambaa alikiogopa." Alitazama chini. "Asubuhi nikiamuka, ninakunywa maji kwanza. Nikiona yamepita, njo ninakuja huku."

Papa Chérubin alinyanyuka, akasogeza kiti chake upande wa mama, akakipangusa kwa mkono wa koti. Mama alikitazama kile kiti, kilichokuwa karibu na mlango wa chuma kuliko alivyotaka. Hakukaa. Lakini alishika mgongo wa kiti, na akabaki ameushika mpaka alipoondoka.

Kisha Bijou akaacha kula.

Ilikuwa Jumatano tena. Bukari ya jana ilikuwa pale pale, imekauka. Mbwa alikuwa anazunguka kibandani, analala, anainuka, anakwaruza sakafu kwa kucha kama anayetaka kuchimba saruji. Alihema kwa ulimi nje. Papa Chérubin alipomwita, aligeuza masikio tu, akaendelea kukwaruza. Wanafunzi wawili waliokuwa zamu walikuwa wamerudi nyuma hatua kadhaa bila kujua.

"Docta?" aliuliza mzee. "Inafanya nini? Sioni vizuri."

"Haijakula, papa. Imebadilika."

Adrienne hakungoja Mama Victorine afike. Alishuka kwa miguu mpaka sokoni, akamkuta anapanga ndagala kwenye meza. Mama alipomwona, mikono yake ilisimama.

"Sema."

"Haijakula tangu jana jioni. Haitulii. Bado si jibu, mama, nakuapia. Kuna vitu vingi vinafanya imbwa ikatae chakula. Lakini sikutaka uyasikie redioni."

Mama Victorine alikaa taratibu juu ya gunia. Adrienne alikaa pembeni yake, akamshika mkono. Mkono ulinuka samaki na ulikuwa baridi. Wanunuzi walikuja, wakawaona, wakapita.

"Sindano hazijafika?"

"Nimepiga simu asubuhi. Wanasema kesho."

"Utasoma leo?"

"Ukinikataza, sisomi."

Mama alifikiri. "Soma. Walisikia mazuri, wasikie na haya."

Mchana ule Adrienne alisoma habari fupi kuliko zote. Aliporudi alikuta doyen mwenyewe amesimama uani bila koti, na Papa Chérubin kwenye kiti chake. Walimwambia mzee arudi nyumbani, akakataa. Alisema mke wake alipokuwa mgonjwa, yeye alitoka mara moja tu kwenda kununua mkate, na ni wakati huo huo mke alipokufa. Hakuna aliyemwambia tena.

Adrienne alileta ndoo, akaipindua, akakaa upande wa pili wa mlango. Alitaka kuangalia, si kupitia tu kama walivyokuwa wanafanya siku zote, wakimwaga maji na kukimbilia madarasani. Bijou alichimba. Akalala, akainuka. Akahema. Kisha akaenda kwenye bakuli, akainamisha kichwa, akanywa. Alikunywa muda mrefu, ulimi ukipiga maji kwa sauti, na akameza, na kila alipomeza Adrienne aliona koo likishuka bila shida.

"Papa, inakunywa!"

"Ninasikia," alisema mzee. "Ninasikia."

Mbwa alijitupa chini kwa ubavu, akakunja shingo, akaanza kujilamba tumbo. Mwanga wa jioni uliingia kwa chini, ukamgonga pale pale. Adrienne alishuka kwenye ndoo, akapiga magoti, akabandika uso kwenye chuma. Zile chuchu. Zilikuwa zimejaa, nyekundu, na kwenye moja kulikuwa na tone jeupe.

"Papa Chérubin," alisema polepole, "Bijou alikuwa amenenepa?"

"Nilifikiri ni samaki ninampa."

Adrienne alianza kucheka, na machozi yakamtoka hapo hapo, mpaka doyen akakimbia kuja kuona. "Ni mimba, Papa Doyen! Iko na mimba! Anatengeneza kitanda! Hakuna mutu alimugusa, hakuna mutu alimushika tumbo. Na ile siku, chini ya mkokoteni, alikuwa anatafuta pa kuzalia, na yule mama akainama pale kuweka beseni!"

Doyen, ambaye alikuwa amefundisha uzazi wa wanyama nusu ya maisha yake, alishika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akaenda mwenyewe kutafuta magunia makavu, wakayasukuma ndani kwa fimbo.

Watoto walizaliwa alfajiri, wanne, wawili wa kahawia kama mama yao. Mama Victorine alipofika, jua lilikuwa limechomoza, na Adrienne alimpokea getini ili aseme kila kitu sawasawa.

"Inazaa, mama. Imezaa. Njo sababu ilikataa kula. Asubuhi hii imekula, imekunywa. Lakini sitakudanganya, mimba haizuii kichaa. Tunangoja mpaka Jumamosi, kama tulivyosema. Ila sasa mimi nina tumaini kubwa."

Mama Victorine alimsikiliza mpaka mwisho, akapita, akavuka ua wote, akakipita kile kiti, akakaa chini kwenye saruji, karibu kabisa na mlango. Bijou aliinua kichwa. Vitoto vilikuwa vinanyonya kwa kelele ndogo za kugombana. Mama na mbwa walitazamana, wanawake wawili, maana Adrienne hakuweza kuwaita kitu kingine.

"Kumbe ulikuwa na watoto," alisema Mama Victorine. "Si ungesema? Hata mimi, siku zile za kumuzaa Laetitia wangu, mutu akinisogelea ningemuuma."

Papa Chérubin alicheka kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu wamjue.

Sindano zilifika Alhamisi hiyo na ndege ya mchana, na Mama Victorine akachomwa ya pili. Jumamosi ikafika. Watu walikuja wengi kuliko viti, wakakaa ukutani na kwenye majani, na mbwa wakabweka kwa kamba wakati wakubwa wanahutubia. Doyen alikata utepe. Hotuba yake ilikuwa ndefu, lakini hakuna aliyekuwa anamsikiliza, kwa sababu wote walikuwa wananyoosha shingo kuelekea kibanda cha mwisho. Mwishowe alicheka mwenyewe, akakunja karatasi, akampa Adrienne kipaza sauti.

"Bijou ni muzima," alisema Adrienne. Alikuwa ametayarisha maneno mengine, lakini makofi yakaanza, na vigelegele, na maneno yale hayakusemwa tena.

Alifungua mlango wa chuma. Mama Victorine alikuwa amesimama karibu, uso umetulia kama wa mtu aliyeamka kutoka usingizi mrefu. Aliingiza mkono kwenye mkoba wake, akatoa chupa ya maji, akanywa mbele ya watu wote, akaimaliza. Wengi hawakujua kwa nini Adrienne na Papa Chérubin walikuwa wanamtazama hivyo.

Jioni, mstari wa chanjo ulipokuwa umepungua, mzee aliwaweka watoto wa Bijou ndani ya kikapu. Alitaka kukibeba, lakini njia ilikuwa inateremka na macho yake hayakuona mawe.

"Lete," alisema Mama Victorine.

"Mama, hii si kazi yako. Na unaogopa imbwa."

"Ninaogopa bado. Lete hivyo hivyo."

Alikiweka kikapu kichwani kama beseni lake, akamwonyesha mzee bega lake, na mzee akalishika. Bijou aliwafuata, akinusa hewa chini ya kikapu, akiruka kidogo kila vitoto vilipolia. Walikwenda taratibu sana. Adrienne aliwasikia wakibishana kama watoto wale wapewe maziwa ya kopo au mchuzi wa samaki, na Mama Victorine ndiye aliyekuwa anasema kwa sauti ya juu.

Alisimama kuwatazama mpaka walipopinda kona. Kisha mwanamke mmoja aliyekuwa amekaa kwenye ngazi na paka ndani ya kitenge akamwita, akiuliza kama amechelewa.

"Hujachelewa, mama," alisema Adrienne, akaenda kuosha mikono.